Kwenda Lango la Moto na Mama Ciru

Nyinyi wa ploti mmeniuliza langoni, nyinyi wa maombi ya Alhamisi mmeniuliza kanisani, na kila nikianza kueleza mtu ananikatiza akitaka kujua kama ni kweli Mama Ciru alitia miguu mtoni mbele ya wanaume wageni. Ni kweli. Lakini ukianzia hapo utaelewa vibaya. Kwa hivyo nimeandika yote mara moja, kila mtu asome kwa wakati wake, na mimi niachwe nianike nguo.

Kwa wasiomjua, Mama Ciru ndiye mwenye ploti ninayopanga hapa Kitengela. Marehemu mumewe tulimwita Mwalimu. Alifundisha historia miaka thelathini upande wa Kimuka, na katika historia yote ya dunia alipenda siku tatu tu: zile ambazo Wagiriki wachache, wakiongozwa na mfalme wa Sparta na watu wake mia tatu, walisimama katika njia nyembamba kati ya mlima na bahari wakazuia jeshi la Mfalme Mkuu wa Uajemi lililokuja kumeza nchi yao. Mahali penyewe ni Thermopilai, maana yake Lango la Moto, kwa sababu ya chemchemi za maji moto zilizo hapo. Hata mimi mpangaji nilihadithiwa vita hivyo mara tatu, zote nikiwa nimekwenda kulalamika kwamba maji yamekatika.

Mwalimu alifariki mwaka jana bila kupaona. Miezi minane baadaye Mama Ciru akatangaza kwamba anaenda yeye. Hakusema kwa nini. Binti yake, Ciru, ndiye angempeleka, lakini tumbo lake lilikuwa limefika mahali ambapo daktari hataki kusikia neno ndege. Basi Mama Ciru akanikumbuka mimi, kwa sababu ya sanduku langu la magurudumu.

Mnalijua hilo sanduku. Kila asubuhi ananiona nikilivuta kwenda stendi, na jioni nikilivuta kurudi, kwa hivyo akaamini mimi ni mtu wa kusafiri. Ukweli ni kwamba ndani yake hukaa viatu vya ofisi nikienda, na gambuti za matope nikishafika ofisini, maana udongo mweusi wetu huu hauna heshima kwa karani wa masijala. Sikuwa nimewahi kupanda ndege. Aliponiuliza kama nimezoea safari, ningepaswa kusema ukweli. Nikasema, "Nimezoea, mama."

Mambo ya viza na tiketi nayaruka. Yalikuwa marefu na hayakufunza mtu kitu.

Kitengela hadi Kajiado, yaani kinyume

Uwanja wa ndege uko upande wa Nairobi. Siku ya kuondoka, Mama Ciru aliamuru teksi ielekee Kajiado. Alisema hawezi kwenda kwa Wagiriki bila kumuaga Lemayian, rafiki wa mumewe, waliyefundisha naye shule moja na ambaye sasa ana duka la agroveti, la dawa na chakula cha mifugo, Kajiado mjini.

Baada ya Isinya ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, na hawakuwa na ndege ya kuwahi. Tulipofika, Lemayian alitoka nyuma ya magunia ya chakula cha kuku, akatusalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," tukamjibu "Iko," na nikajua kwa jinsi alivyovuta viti kwamba hatutaondoka hivi karibuni. Ikaja chai ya maziwa matupu, ikaja nyama ya mbuzi. Dereva wa teksi alikula kuliko sisi sote na akaacha kabisa kuangalia saa.

Lemayian alitueleza vile Mwalimu alivyokuwa akifundisha ile vita. Kila mwaka aliwapeleka wanafunzi Kona Baridi, pale barabara ya Magadi inapoanza kuteremka ukingoni na upepo unaweza kukuvua kofia. Wanafunzi wachache walifungwa shuka nyekundu wakawa Wagiriki, wakapanga mstari kuziba barabara. Wengine wote walikuwa Waajemi, na Lemayian, aliyekuwa wa Kilimo na hakuhusika na historia, ndiye aliyekuwa Mfalme Mkuu.

"Mwaka mmoja likaja lori la magadi," alisema. "Wagiriki wote wakaruka mtaroni. Mume wako alibaki peke yake katikati ya barabara amenyoosha rungu. Dereva wa lori alimtukana mpaka leo nasikia."

Mama Ciru hakucheka. Aliuliza kama huko Ugiriki njia ni nyembamba kama Kona Baridi. Lemayian akasema ni nyembamba zaidi. Mwalimu alimhakikishia kwamba mkono huu unagusa mlima, mkono huu unagusa bahari, na gari la ng'ombe haliwezi kupishana na lingine. Mama Ciru alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu.

Tulipita tena Kitengela saa nne baada ya kuiacha. Baadhi yenu mlitupungia mkono mkidhani tumesharudi.

Kiwanja cha katikati

Kuhusu ndege yenyewe sitasema mengi. Nilimshika mkono mwanamume niliyeketi naye wakati inapaa, na nilimwachilia tulipokuwa juu ya Ethiopia.

Tulibadilisha ndege katika kiwanja kimoja cha jangwani, ambapo tulitakiwa kukaa saa mbili na tukakaa kumi na moja. Hakuna aliyetuambia sababu. Kila tulipouliza, msichana mwenye kofia nzuri alitupa chupa ya maji, kwa hivyo nilipoteza hesabu ya sababu lakini chupa zilifika tisa.

Mama Ciru alikuwa amebeba nduma za kuchemsha kwenye mkoba, zimefungwa kwa taulo. Pale pa ukaguzi afisa alizitoa moja moja. Aliinua moja juu ya taa, akainusa, akamwita mwenzake, naye akainusa. Wakaniuliza ni nini. Kiingereza changu hakina jina la nduma. Nikasema ni mzizi. Wakauliza ni mzizi wa dawa? Mama Ciru, ambaye Kiingereza anakielewa kidogo tu na hakitumii, akachukua ile nduma mkononi mwa afisa, akaimenya, akaila yote taratibu huku akimtazama machoni. Afisa akarudisha zilizobaki na kuinama kidogo.

Tulizila zile saa kumi na moja, zikabaki mbili tatu. Ndizo zilizotuokoa, maana mkate wa pale ulikuwa na kitu kijani ndani.

Athene

Athene ni mji wa watu wakarimu, na mashaka yetu yote huko yaliletwa na neno moja. Wagiriki wakitaka kusema ndiyo, wanasema "ne." Jambo hilo hakuna mtu alikuwa ametuambia.

Asubuhi ya kwanza Mama Ciru aliingia mkahawani akaomba chai, kwa Kiswahili na kwa vidole. Mwenye mkahawa akasema, "Ne, ne." Mama Ciru akanigeukia: "Anasema nne. Mwambie sisi ni wawili." Nikamwonyesha vidole viwili. Akatabasamu, akasema tena, "Ne." Mama Ciru, kwa kuchoka, akakubali. Tukaletewa chai mbili, baridi, zenye ndimu na barafu, na yeye akaketi akingojea nyingine mbili.

Baadaye yule bwana alituletea maharagwe makubwa meupe yaliyopikwa kwa nyanya na mafuta mengi. Mama Ciru aliyala kimya, akafuta sahani kwa mkate, akasema, "Hawa si watu wabaya. Ni chai tu hawajui."

Hapo bado tulikuwa tunacheka. Kesho yake stesheni ya mabasi, hatukucheka. Basi la kwenda Lamia, mji ulio karibu na Lango la Moto, linaondoka mara chache. Nilimwuliza mwanamke wa tiketi kama ndilo hilo linalopakia. Akasema, "Ne." Sisi tukaenda tukasimama kwenye kituo namba nne na masanduku yetu, imara kama wale mia tatu, tukaliangalia basi la Lamia likiondoka kutoka namba saba. Tulimpungia dereva mkono. Naye alitupungia.

Katika kungojea lingine ndipo kijana mmoja mwanafunzi akatueleza maana ya "ne." Mama Ciru aliketi juu ya sanduku langu. Kisha akasema, "Kwa hivyo yule wa chai alikuwa anatukubalia tu, na sisi tunambishia."

Ndani ya basi la pili nilitubu. Nilimwambia sijawahi kusafiri popote, na sanduku huwa na gambuti. Hakugeuza hata shingo. "Nilijua tukiwa hewani," alisema. "Yule mwanamume aliniuliza kama wewe ni mgonjwa." Akanimenyea chungwa. Ningependelea anigombeze.

Lango la Moto

Kutoka Lamia tulichukua teksi. Dereva alikuwa mzee mwenye masharubu aliyefurahi sana kwamba watu wametoka Afrika kuja kumwona mfalme wao. Alituendesha kwenye barabara kubwa, pana, iliyonyooka, yenye malori ya kila nchi. Kulikuwa na mlima upande mmoja, na upande wa pili mashamba. Akasimamisha gari ghafla, akasema ndipo hapa, akatuonyesha saa yake na kidole kimoja, nikaelewa kwamba atarudi baada ya saa moja. Akaenda.

Tulisimama. Kulikuwa na sanamu ya mtu wa shaba mwenye mkuki na ngao, na sehemu ya kuegesha mabasi. Ng'ambo ya barabara kilima kidogo kilikuwa na jiwe la kumbukumbu. Hewa ilinuka mayai yaliyooza. Malori yalipita yakitupiga vumbi usoni, na kama ningefumba macho ningesema niko njia ya Namanga, hapo karibu na Isinya.

Mama Ciru alitembea mpaka ukingo wa barabara. Alinyoosha mkono wa kulia kuelekea mlimani, akanyoosha wa kushoto kuelekea mashambani, kama mtu anayepima pazia.

"Bahari iko wapi?" akaniuliza.

Sikuiona. Tulipanda kile kilima, na hata kutoka juu tuliona mashamba, mashamba, na mbali kabisa mstari wa rangi ya samawati ambao ungeweza kuwa bahari au ukungu. Soko zima la Kitengela lingepita pale na mbuzi wake bila kugusana mabega.

Mama Ciru aliteremka mbele yangu. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, ile ya zambarau, na vumbi lilikuwa limeifanya kijivu. Saa moja ikaisha, teksi haikuja. Ikaisha ya pili. Nadhani kile kidole kilimaanisha kitu kingine, mpaka leo sijui nini.

Tulifuata ile harufu kwa sababu hatukuwa na mahali pengine pa kwenda. Nyuma kidogo ya barabara kuna kijito cha maji moto yanayofuka mvuke, na wanaume wawili watatu wa kaptura walikuwa wamekaa ndani yake hadi kiunoni. Kando yake mtu mmoja mwembamba wa makamo, mwenye nguo zake zote, alikuwa amechutama akichemsha chai kwenye jiko dogo la gesi. Alimwona Mama Ciru, akainuka, akatandika koti lake juu ya jiwe ili aketi.

Alijua Kiingereza. Aliitwa Behruz. Alisema anakaa hapo karibu, katika hoteli ya zamani ambako wamewekwa watu waliokimbia kwao na wanaongojea karatasi. Nikamwuliza kwao ni wapi.

"Iran," akasema. "Karibu na Shirazi."

Nikatafsiri. Mama Ciru, aliyekuwa anapokea kikombe, akabaki nacho hewani. "Mwulize kama huyo ni Mwajemi."

Nikamwuliza. Akacheka, akasema ndiyo, ni Mwajemi.

"Hapa?" akasema Mama Ciru. Akaitazama ile sanamu kwa mbali, akamtazama yeye, na nikaona anajitahidi kukumbuka mumewe alisema wanafananaje.

Chai ilikuwa ya rangi, moto, na sukari ya kutosha. Ndiyo iliyokuwa chai ya kwanza halali tangu Kajiado. Behruz alieleza kwamba yeye alikuwa fundi wa friji. Alikuwa ameishi hapo miezi mingi akipita mbele ya sanamu kwenda dukani kabla hajajua kwamba yule mtu wa shaba amesimama hapo kuwazuia babu zake. Shuleni kwao hiyo vita ilikuwa nusu ya ukurasa.

Mama Ciru hakupenda hiyo nusu ya ukurasa. Aliniambia nimwambie kwamba kwetu ilikuwa muhula mzima. Kisha akauliza swali ambalo mimi ndiye niliyepaswa kuuliza: walioshinda hapa ni akina nani?

"Sisi," akasema Behruz, kama anayeomba radhi. "Mtu wa hapa hapa alituonyesha njia ya mlimani tukawazunguka. Wale wote wakafa. Tulikuja kushindwa baadaye, mahali pengine, majini."

Nilipotafsiri, Mama Ciru aliweka kikombe chini. "Miaka thelathini," akasema. "Miaka thelathini huyu mzee alikuwa anashangilia watu walioshindwa, na hakuniambia."

"Labda alikwambia," nikasema, "na ulikuwa unapika."

Alinitazama vibaya, halafu akakubali kwa kichwa.

Behruz akauliza kilichomleta mama wa umri huu mahali hapa. Nilidhani Mama Ciru atajibu kama alivyotujibu sisi sote, yaani kutojibu. Badala yake alianza kuvua viatu. Akavua na soksi, akapandisha sketi hadi magotini, akaingiza miguu majini, na wale wanaume wa kaptura wakasogea kwa adabu kama wanaompisha mtu kwenye benchi la kanisa. Ndiyo sehemu mliyoisikia.

Akaongea akiyatazama maji, kwa Kiswahili, na mimi nikawa natafsiri polepole.

Alisema Mwalimu alipostaafu alikuja na wazo moja tu, kwamba waende wote wawili, wiki mbili, waone Lango la Moto. Alikuwa ameshachora ramani. Naye Mama Ciru akamwambia hawezi kuvuka dunia kwenda kuangalia barabara ya watu waliokufa wakati walio hai hawana pa kulala. Zile pesa zikajenga ploti. Mwalimu hakubisha. Hakulitaja tena hata siku moja, akaendelea kuhadithia wapangaji.

"Hicho chumba unalala, Mama Tracy," akaniambia, "ndiyo hiyo safari."

Sikuweza kutafsiri hiyo mara moja. Nilikumbuka zile mara tatu nilizosimama mlangoni kwake na ndoo tupu, nikitamani yule mfalme wa Sparta afe haraka ili tuongee kuhusu maji.

"Nilikuja kuona kama nilimnyima kitu kikubwa," akasema. "Nilikuwa naomba iwe ndogo. Nimefika, ni barabara ya malori, bahari yenyewe imehama. Nikashukuru Mungu. Halafu nikaona vile angefurahi. Angesimama hapo kwa vumbi akieleza huyu kijana vita yao mpaka giza."

Alilia kidogo, bila kelele. Behruz alisubiri nimalize kutafsiri. Akaongeza maji kwenye sufuria. Alimweleza kwamba bahari haikuwa uongo wa mumewe. Mto umeleta udongo karne kwa karne mpaka ukaisukuma mbali, na zamani njia ilikuwa nyembamba kweli. Alikuwa amelisoma hilo kwenye bango, siku ambazo hakuwa na la kufanya, ambazo ni nyingi. Mama Ciru akauliza ana muda gani hapo.

"Mfalme wetu walimzuia siku tatu," akasema Behruz. "Mimi wamenizuia miaka miwili, na hawana hata mkuki."

Mama Ciru alitaka kujua hao Washirazi wa kwenye historia, wale waliofika pwani yetu na kubaki, ni watu wa kwao? Behruz alisema ndiyo, huenda. Akauliza waliingiaje Kenya, walipewa karatasi na nani? Nikamwambia hakuna aliyewaomba karatasi. Hilo alilicheka mpaka akafuta macho, na sidhani yote yalikuwa kicheko.

Behruz ndiye aliyempigia dereva mwingine simu, akatusindikiza barabarani. Mama Ciru alimpa nduma mbili za mwisho. Akamwonyesha jinsi ya kumenya.

Nyumbani

Kurudi kulikwenda vizuri, kwa hivyo hakuna la kusimulia. Ciru alikuwa amejifungua mvulana tukiwa bado hewani, na kapewa jina la Mwalimu.

Lemayian alikuja Kitengela Jumapili iliyofuata kuuliza habari za ile njia. Mama Ciru alimweleza yote, mto, udongo, mashamba. Alisikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole kwamba tulipelekwa mahali sipo, madereva wa teksi ni wale wale kila nchi.

Tangu hapo Mama Ciru na Behruz hutumiana sauti kwa simu. Yeye anaongea Kiswahili, huyo anaongea Kiingereza, na mimi huitwa kutafsiri kila Jumapili baada ya ibada. Nimeshindwa kulalamika kuhusu maji tangu tuliporudi.

Wiki iliyopita hakuniita. Ujumbe ulikuwa mfupi na aliuelewa mwenyewe. Nilikuwa kwenye kamba ya nguo, yeye ameketi mlangoni na ungo wa maharagwe, simu sikioni. Aliinuka, maharagwe yakamwagika, akasema kwa sauti iliyotoa watu vyumbani: "Mwajemi amepita! Wamempa karatasi, amepita!"

Wengi wenu mlikuwepo. Mliangalia langoni kuona ni nani amepita, na Mama Tabitha wa namba sita akauliza huyo Mwajemi ni nani.

"Ni mtu wetu," akasema Mama Ciru, akainama kuokota maharagwe.